Kilowati Tatu

Baba alisaini mkataba wa kilowati tatu
kwa kalamu aliyoiazima bandarini na hakuirudisha.
Zaidi ya hapo ni fahari, alisema.
Basi ghorofa ya nne, hapa Trieste, tukaishi kwa zamu:
oveni ikiwaka, mashine ya kufulia isubiri;
mashine ikizungusha, pasi ipoe;
na birika la umeme
liombe ruhusa kwa mama.

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Sisi tulikuwa nao saba, kila mmoja na waya wake.

Jumapili moja ya Januari, madirisha yote yamekomewa
kwa hofu ya bora, ule upepo wetu unaong'oa vigae,
viazi vinaanza tu kupata rangi,
dada yangu Fulvia, kichwa kimelowa, mchumba yuko njiani,
akachomeka kikausha nywele.

Ta!

Feni ya oveni ikashusha pumzi.
Friji ikatetemeka, ikanyamaza,
kama mzee aliyeguswa bega akisinzia kanisani.
Mashine ikabaki na mashati yetu tumboni.
Na kutoka bafuni, povu la kunyolea shavuni,
sauti ya baba:
"Nani huyo?"

Hakuna aliyekuwa huyo.
Gizani sote tulikuwa watakatifu.

Swichi ilikuwa chini kabisa, chumba cha mita,
karibu na baiskeli zisizo na wenyewe.
Vidato themanini na viwili. Baba alivihesabu
kila aliposhuka na ndara zake, tochi kwapani,
akavihesabu tena akipanda, asije akapunjwa.
Kule chini humkuta Bogdan wa ghorofa ya pili,
ambaye mkewe hukaanga samaki na kupiga pasi kwa wakati mmoja,
mwanamke jasiri.
Walisimama wakizilaumu familia zao
mpaka viazi vyetu vikapoa.
Mara moja alirudi na nusu chupa ya divai.
Mara moja alirudi amesahau kuinua swichi.

Fulvia sasa yuko Melbourne, amekata nywele fupi.
Baba tulimzika Februari;
jeneza lilishuka vidato vyote vile, wabebaji wakihema,
na hakuna aliyehesabu.
Mama huchemsha maji, akazima.
Hufua shuka mbili, akaanika.
Huoka tufaha moja.
Miaka mitatu swichi haijaruka.
Nilimwambia, tukuongezee, nne na nusu, si ghali.
Akaniuliza: "Za kumpikia nani?"

Juzi tulikuja wote. Fulvia alitoka uwanja wa ndege
na koti la kiangazi, akitetemeka, tukamwashia hita.
Oveni ilikuwa na nyama tangu asubuhi.
Mdogo wangu wa mwisho alitapika garini, kwa hiyo mashine.
Binti yangu Ilaria, kwa wema tu,
kwa kutaka kumpa shangazi chai,
akabonyeza birika.

Ta!

Tukaganda tulipokuwa, kijiko kinywani, bakuli mkononi.
Tulikuwa tunasubiri kitu,
na watoto hawakujua ni nini.
Kisha mama, kutoka jikoni, akaifanya sauti nzito:
"Nani huyo?"
Fulvia akajibu, "Mimi,"
miaka thelathini kachelewa,
na safari hii hakuwa yeye.

Nilishuka mimi. Ndara zilikuwa bado mlangoni, kubwa.
Nikahesabu. Themanini na kimoja.
Nikainua swichi, pale plastiki ilipolika kwa kidole gumba,
nikasikia juu kabisa watoto wakishangilia.
Nikapanda polepole, nikihesabu upya.
Themanini na kimoja.

Sijawaambia.